Salamu kwa Jirani wa Duka

Siku ya kwanza nilipoweka rekoda yangu juu ya meza ya kituo cha majani chai, mkulima aliyekuwa mbele kwenye foleni alivua kofia, akakohoa, akaiinamia ile rekoda na kuanza: "Mimi nasalimu watu wote wa Silibwet, hasa shemeji yangu pale kwa mashine ya unga. Nasalimu kijana yangu ako Nairobi, asome kwa bidii. Wimbo mnichezee yoyote." Kisha akavaa kofia yake na kurudi kwenye gunia lake.

Nilimfuata nikamweleza kwamba mimi si mtu wa redio. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, nasomea shahada ya uzamili, na ninachotaka ni kusikia wakulima wakiongea wao kwa wao wanapongoja lori la kiwanda. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini si itafika tu?"

Basi hapo nilikuwa nimeharibu mambo. Kila aliyeikaribia meza ile alikuwa na mtu wa kusalimiwa. Watu niliowasikia muda mfupi kabla wakirushiana utani kwa Kipsigis, wakimchokoza karani wa mizani kwa Kiingereza cha shule ya msingi na kuchomeka neno la Kikuyu walipotaja mambo ya soko, wakifika mbele ya rekoda walinyooka mgongo na kutoa Kiswahili cha kutangaza mazishi. Karani mwenyewe, kijana mwenye suti ya kaunda ya mtumba, aliniomba nafasi amsalimie mchumba wake aliyekuwa Kericho mjini.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Jioni ile niliteremka mlima nikiilaani rekoda, mvua, na siku niliyoamua kwamba digrii moja hainitoshi.

Mada yangu ilikuwa hiyo hiyo waliyonifichia: jinsi watu wa sehemu zetu wanavyochanganya lugha wakiwa hawana habari kwamba wanachanganya. Wenzangu darasani walikuwa wamekwenda mbali, mipakani, kutafuta lugha zinazokaribia kutoweka. Mimi nilichagua kituo kilicho juu ya soko la Chepseon kwa sababu duka la mama yangu liko hapo chini sokoni, na kwa mama nilikuwa nakula bure. Nilimwambia msimamizi wangu kwamba eneo hilo lina utajiri mkubwa wa kiisimujamii. Halikuwa jambo la uongo, ila wali na ndengu za mama ndizo zilizonivuta.

Msimamizi wangu, mzee mpole ambaye sisi wanafunzi tulimwita Daktari kana kwamba hakuna daktari mwingine duniani, alisikiliza rekodi zangu za mwanzo akiwa amefumba macho. Alipofumbua alisema, "Umeniletea kipindi cha salamu." Hakucheka. Akaniambia data ya isimujamii ni watu wanaozungumza na mtu, si na chombo, na kwamba nikirudi mara ya pili na salamu tupu itabidi tubadilishe mada. Kubadilisha mada maana yake ni kuanza upya, na mama alikuwa amekwisha kuwaambia kina mama wote wa kanisa kwamba mwaka huu navaa joho.

Kurekodi watu kwa siri hakukubaliki, na hata kama kungekubalika nisingeweza kuwafanyia majirani zetu hivyo. Kila mmoja nilimsomea karatasi ya idhini kwanza, na mstari uliokuwa muhimu kuliko yote ulisema hivi: sauti yako haitasikilizwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa mtafiti na msimamizi wake. Niliusoma kwa sauti ya kujivunia, kama mtu anayetoa zawadi.

Sasa nimwingize mtu ambaye habari hii ni yake.

Ng'ambo ya soko, ukipanda kidogo kuelekea kituoni, kuna boma la mama mmoja wa Kipsigis ambaye mama yangu alikuwa akimwita Jirani, naye akimwita mama Jirani vilevile. Wazazi wangu walifika Chepseon wakitokea Mkoa wa Kati, kwa Wakikuyu, mama akiwa hajui hata neno moja la watu aliowakuta. Jirani ndiye aliyemfundisha Kipsigis, akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe dukani mwetu. Mama naye akamfundisha Kikuyu, eti ili wapate lugha ya kuwasengenya wateja. Mimi nimebebwa na mgongo wa Jirani kuliko wa bibi yangu mzaa mama. Na kila ng'ombe wa Jirani alipozaa, muda wa kumwachia ndama dang'a, maziwa ya mwanzo, ukishapita, kibuyu cha kwanza cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa yenye rangi ya majivu, kilikuja kwetu. Kikiisha mama alikiosha, akakijaza wimbi au maharagwe, akakirudisha. Kwetu na kwao, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hilo hakuna aliyemfundisha mwenzake, kila mmoja alikuja nalo kutoka kwa mama yake.

Halafu ukaja ule mwaka wa vurugu baada ya uchaguzi. Sitausimulia, maana wasomaji wangu wana simulizi zao, na nyingine ni nzito kuliko yetu. Sisi tulikimbilia kwa mjomba, tukakaa, tukarudi. Duka lilikuwa limebaki kuta. Hatukujua nani alifanya nini, na kutojua huko ndiko kulikotesa, kwa sababu ilibidi uwaogope watu wote kwa pamoja.

Wiki ile tuliyorudi, asubuhi moja, tulikuta kibuyu mlangoni. Mama alikijua kwa ukanda wake wa ngozi na shanga zake, hakuhitaji kuambiwa. Alikishika muda mrefu. Alikifungua, akakinusa, akakifunga. Nilimwona akienda nyuma ya nyumba na kuyamwaga maziwa yote kwenye nyasi, huku analia kama mtoto. Nilikuwa msichana mdogo nikamuuliza kwa nini anamwaga. "Sijui kuna nini ndani," akasema. "Siku hizi sijui chochote." Kisha akanipa kile kibuyu nikirudishe, na hakutia kitu ndani.

Jirani alikipokea langoni kwake. Alikitikisa karibu na sikio, akasikia kimya. "Kongoi," akaniambia, yaani asante, na akaingia ndani.

Tangu siku hiyo wale wanawake wawili hawakugombana hata mara moja. Wangegombana ingekuwa afadhali. Walipokutana njiani waliinamishiana kichwa na kupita. Jirani alihamia duka lingine kununua sukari. Mama aliacha Kipsigis. Mteja akimsemesha kwa lugha hiyo alielewa kila kitu na kujibu kwa Kiswahili, mwaka baada ya mwaka, mpaka wateja wapya wakadhani hajui. Mimi niliyesomea lugha za watu sikuwahi kuthubutu kumuuliza kuhusu ile aliyoiacha.

Jirani alikuja kituoni alasiri moja ya manyunyu, akiwa na kikapu cha majani mgongoni. Nilijua nywele zitakuwa zimeingia mvi, lakini sikutegemea atakuwa mdogo hivyo. Nilimwamkia, "Chamgei, mama." Akaitikia "Mising" na kunitazama juu mpaka chini.

"Wewe ni ule mtoto wa duka," akasema. "Umemaliza shule lini ukaanza redio?"

Nilimsomea karatasi. Nilipofika pale kwenye mstari wangu wa kujivunia alinikatiza. "Kama haisikizwi na mtu, ya nini kusema?"

"Ni ya chuo, mama. Ni ya kusomea."

"Haya," akasema, akatia sahihi, kisha akaichukua rekoda kutoka mezani na kwenda nayo kando, chini ya paa la mabati, akaishika karibu na mdomo kama simu.

Aliongea mpaka lori likafika. Mimi nilisikia baadaye tu, nikiwa na vidude masikioni kwenye chumba changu nyuma ya duka, huku mama akihesabu mikate upande wa pili wa ukuta. Alianza kwa Kiswahili cha salamu kama wengine wote. "Nasalimu jirani wangu mwenye duka. Mimi ni mzima. Miguu tu." Kisha, bila kupumua, akaingia kwenye Kipsigis, na hapo sauti ikalegea. Alisema ng'ombe wake amezaa, ndama jike, mwenye alama nyeupe usoni kama yule ambaye mama alikuwa akimpenda. Alisema hana neno moyoni, alishaliondoa zamani, ila hakujua njia ya kuingia dukani. Na mwishoni akasema kwa Kikuyu, Kikuyu cha kijiji alikozaliwa mama, chenye mikunjo yake yote: "Ũka ũnyue iria." Njoo unywe maziwa.

Niliivua ile mitambo masikioni nikakaa kitandani. Nililia, nisiseme uongo. Lakini na kile kisomo changu kilikuwa macho kabisa, na kilikuwa kimekwisha kuanza kutia alama: hapa amehama lugha, hapa amehama tena, hapa kwa sababu ya mada, hapa kwa sababu ya anayeambiwa. Katika rekodi zangu zote hapakuwa na kitu kama hicho, mtu mmoja anayesemesha mtu mmoja kwa lugha tatu bila kujionyesha.

Daktari aliposikiliza alisimama kutoka kwenye kiti chake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Huyu mama ndiye tasnifu yako," akasema. "Sura ya nne imejiandika." Nikamweleza kwamba jirani mwenyewe anayesalimiwa ni mama yangu, na kwamba nataka kumsikizisha. Akakaa tena polepole. Akanikumbusha kwa upole niliyoahidi kwa maandishi. Mwenye sauti ndiye peke yake anayeweza kubadilisha ahadi hiyo, na akiibadilisha huenda akaiondoa kabisa. "Muulize," akasema, "lakini ujue unachocheza nacho."

Sikumuuliza. Nilijiambia nitamuuliza nikimaliza kunukuu, halafu nikajiambia nikimaliza kuchanganua. Ahadi ilikuwa kisingizio kizuri sana. Niliogopa kuipoteza sura ya nne, basi. Nikala wali wa mama nikiwa na salamu zake mfukoni. Jioni moja akaniuliza, anavyoniuliza siku zote, "Na huko juu, nani amenisalimia?" Nikasema karani. Akasema karani ana heshima.

Kilichonitoa huko ni mvua. Ilininyeshea nikitoka kituoni, nikajibanza langoni kwa Jirani, naye akaniona akanivuta jikoni, pale penye moto. Ndama alikuwa amefungwa pembeni, na ile alama nyeupe usoni ilikuwa kama alivyosema. Jirani alinipa kigoda na kunimiminia chai. Alikuwa na kitu anachosubiri, nikaona, maana alikuwa akinitazama kila nikitaka kufungua mdomo. Mwishowe akaona mimi sina haraka.

"Sasa mama yako alisema nini?"

Nikaweka kikombe chini.

"Mimi nilijua atakataa," akaendelea, akichokonoa moto. "Si mbaya. Nilikuwa natengeneza mursik kila wiki nikisema labda leo atatuma mtu. Tunakunywa wenyewe. Si mbaya."

Nikaelewa nilichofanya. Wiki zote zile, alikuwa akiamini salamu zimefika na hazikujibiwa. Nilikuwa nimemrudishia kibuyu kitupu mara ya pili, na safari hii si mama aliyenituma.

"Mama, hajasikia," nikasema. "Hajui chochote. Ile karatasi ilisema asisikize mtu. Nimesikia mimi na mwalimu wangu wa chuo, basi."

Aliacha kuchokonoa moto. "Mwalimu wako amesikia kabla ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Mwanaume?"

"Ndiyo, mama."

Akaanza kucheka, cheko la kukata tamaa na watu waliosoma. Alipomaliza alijifuta macho kwa leso. "Sikiza, mtoto. Hiyo ilikuwa ya mama yako. Haikuwa ya chuo. Mwambie huyo mwalimu arudishe. Hiyo peleka kwa mwenyewe, na huko chuo usiweke hata kidogo. Wewe nitakupa ingine ya masomo, hata ya kahawa, hata ya ndizi, vile unataka."

Nilijua siku hiyo hiyo kwamba hiyo nyingine haitanisaidia kitu, na haikunisaidia. Alikuja kituoni wiki iliyofuata akasimulia habari za ndizi kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula. Nikamshukuru kwa moyo wote.

Siku ile mvua ilipopungua nilishuka moja kwa moja mpaka dukani. Mama alikuwa anampimia mtoto wa shule mafuta ya kupikia. Nilingoja mtoto aondoke, nikaiweka rekoda juu ya kaunta, kati ya mizani na mtungi wa peremende, nikamwambia, "Maitu, kuna mtu alikusalimia. Salamu zimechelewa kwa sababu yangu."

Alisikiliza akiwa amesimama, mikono juu ya kaunta. Kwenye Kiswahili uso wake haukubadilika. Kwenye Kipsigis alianza kuitikia kwa kichwa, kidogo kidogo, kama mtu anayeongea na simu. Ilipofika ile sehemu ya mwisho alikaa chini juu ya gunia.

"Rudisha hapo mwisho," akasema.

Nikarudisha. Njoo unywe maziwa.

"Bado anasema vile nilimfundisha," akasema mama. "Hata mimi siku hizi sisemi vizuri hivyo." Kisha akajifunika uso kwa aproni yake. "Nilimwaga maziwa ya mtu aliyenibebea watoto. Niliogopa mpaka nikamwogopa yeye. Halafu nikaona haya, na haya haikuisha. Ningeanzia wapi?"

Nilimwambia, kwa ujinga wa mtu aliyezoea vyombo, kwamba akitaka anaweza kumjibu hapo hapo, niwashe rekoda. Aliiangalia kama kitu kilicholetwa na paka.

"Mimi niongee na hicho kijiti, na Jirani yuko hapo juu?"

Akafunga duka. Nakumbuka kishindo cha ule mlango wa bati, kwa maana mama hakuwahi kufunga duka mchana ila kwa mazishi. Akatia kwenye kiondo sukari, unga wa ngano na pakiti ya majani chai, akasimama, akaitazama ile pakiti, akacheka mwenyewe kwamba anapeleka chai kwa mkulima wa chai, lakini hakuitoa. Nilitaka kumsindikiza. Akaninyooshea kidole nibaki.

Daktari nilimweleza yote kwenye simu. Alisema tu, "Basi futa," nami nikafuta huku akisikia, pamoja na kurasa zote nilizokwisha kuandika juu ya sauti ile. Sura ya nne niliiandika upya kwa salamu za wale wakulima, kuhusu namna watu wetu wanavyoongea wakiamini kuna mtu mbali anayewasikia. Ni sura ya wastani. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliniuliza kama kweli sikukutana hata na mzungumzaji mmoja anayetumia lugha zote tatu kwa undani. Nikasema nilikutana naye, ila alikuwa na shughuli. Daktari akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Nilipasi, nikiwa na marekebisho ya kutosha kunishughulisha mpaka mvua nyingine.

Lakini siku ile aliyofunga duka, mama alirudi giza linaanza kuingia, viatu vina tope, na kibuyu mkononi. Ukanda wa ngozi ulikuwa mpya, shanga ni zile zile. Alimimina vikombe viwili, akanipa kimoja, akanywa chake chote kwa mkupuo, akafuta mdomo. Alikuwa amechoka sauti, kwa kuongea. Nikamuuliza walisema nini muda wote huo, akanijibu kwa Kipsigis, sentensi ndefu yenye kicheko katikati, na mimi mwenye karibu shahada mbili nikaishika nusu tu.

Kibuyu kilipoisha alikiosha kwa maji ya moto, akakianika juani juu ya kaunta mahali ambapo kila mteja angekiona. Kilipokauka alikijaza wimbi, akakitikisa lishuke, akaongeza tena mpaka kifuniko kikakataa kukaa. Nilinyoosha mkono kukipokea, kwa mazoea, maana kazi ya kupeleka vyombo nyumbani kwetu ilikuwa yangu siku zote.

Mama akakivuta kifuani. "Wewe ulikipeleka ile siku," akasema. "Hii nitapeleka mwenyewe."